Mtoto asipokuja leo hasara ni ya nani? Ulinganisho wa njia za kuendesha dei kea Mwanza, na ruzuku za serikali za wenzetu

Wadada wengi wananiuliza swali moja, hasa wa huku Kirumba mpaka Igombe na Kayenze. Mtu tayari analea watoto sita saba wa majirani nyumbani kwake, anataka akae sawa awe na kituo cha kueleweka, sasa achukue ada ya kila siku au ya mwezi, aingie kikundi apate mkopo wa halmashauri, au asubiri kidogo maana kasikia kuna nchi serikali inalipia dei kea na huenda na sisi ikafika. Mi nina kituo kidogo, huu mwaka wa saba, na mdogo wangu wa kike yuko Texas, Marekani, anafanya kazi hii hii nyumbani kwake na baadhi ya watoto wake wanalipiwa na serikali, kwahiyo tukipigiana simu Jumapili hatuongei kingine ni watoto na hela za watoto tu. Tumelinganisha sana. Siku hizi mtu akiniuliza ipi nzuri namrudishia swali: mtoto asipokuja leo, hasara inakua ya mama yake, yako, au ya serikali? Ukishajua hilo mengine yote unayapanga.

Ada ya siku

Wengi tunaanzia hapa kwa sababu ndo hela anayoielewa mama wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Anakuja saa kumi na moja alfajiri na mtoto mgongoni, anakupa chako, anawahi kuanika dagaa. Hamna deni hamna daftari. Kwa anayeanza ni nzuri kweli, unajua leo umepata ngapi na unga unaununua hapo hapo.

Tatizo ni mbalamwezi. Kwa asiyekaa huku ziwani, dagaa wanavuliwa usiku kwa taa na taa inawavuta vizuri kukiwa na giza, mwezi ukikaribia kujaa mitumbwi inapumzika kama wiki hivi au na zaidi, wavuvi wanashona nyavu na wengine wanarudi kwao mpaka giza lirudi. Dagaa hamna, wa kuanika hamna, mama aliyekua anaishi kwa kuanika na kuanua hana kitu na kwa vile kakaa nyumbani mtoto anabaki nae. Wewe unakaa na mikeka mitupu.

Piga hesabu uone. Tuseme una watoto 20, kila mmoja 1,000 kwa siku, siku 24 za kazi, hiyo ni 480,000 kwa mwezi. Nusu yao ni wa mama wa dagaa, wakikosa siku 6 tu umepoteza 60,000, umebaki na 420,000. Na dada anayekusaidia mshahara wake uko vile vile, kodi vile vile, na mkaa haupungui maana uji wa watoto kumi na wa watoto ishirini unapikwa kwenye sufuria moja. Kwahiyo kwenye ada ya siku hasara ya mtoto asiyekuja ni ya kwako peke yako, yote.

Alafu kuna kinachoniuma zaidi ya hiyo 60,000. Mtoto aliyebaki nyumbani wiki ya mbalamwezi sio kwamba analelewa, siku zingine mama anatoka kuhangaika kibarua kingine, mtoto anaachiwa kaka wa miaka saba, na nyumba za huku unajua ziko hatua ngapi toka majini. Kila anayekaa pwani hii ana jina la mtoto aliyezama, sihitaji kueleza.

Ada ya mwezi, na hii ya kwangu ya giza

Mwezi inawafaa wenye mshahara, manesi, walimu, wa maofisini, wa viwanda vya samaki wenye mkataba. Wao wanalipa tarehe za mshahara, mtoto aje asije ni shauri lake, hasara ya siku aliyokosa anaibeba mzazi. Ukiwa maeneo kama Pasiansi au Nyakato yenye waajiriwa wengi usijisumbue na ada ya siku, weka mwezi na ukubaliane mapema kabisa kuhusu akiumwa wiki nzima inakuaje.

Ila ukimwambia mama wa dagaa alete elfu 24 kwa mpigo hatakuletea, sio kwamba anakudharau, hela yake haiji hivyo. Mi nilihangaika na hilo miaka miwili ndo nikaja kufanya hivi: wa dagaa wanalipa 1,300 kwa siku kipindi cha giza peke yake, na mbalamwezi mtoto anakuja bure. Siku 18 za giza mara 1,300 ni 23,400, wakati kwa ile ya zamani angenilipa 18,000 tu. Tofauti 5,400 kwa mtoto, kwa watoto kumi ni 54,000, yaani karibu ile 60,000 yote imerudi. Na mtoto anakula uji wiki ile ambayo kwao ndo pagumu. Mama wengine waligoma mwanzoni wakaona nimepandisha bei, nikakaa nao tukahesabu kwa kalenda wakaelewa, wao mbalamwezi wanaijua kuliko mimi. Hapa hasara tumeigawana, na mpaka leo ndo mpango ninaoupenda kuliko yote kwa mtu anayelea watoto wa mwaloni.

Hela ya serikali yetu iko wapi kwenye hii kazi

Niseme wazi ili mtu asikae kusubiri. Dei kea ya mtu binafsi huku kwetu inaendeshwa na hela ya mzazi. Ila hela ya serikali inapita pembeni yake kwa njia kama nne, na watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisimamishwa 2023 baada ya hesabu za marejesho kuonekana haziendi, ukarudi 2024 na utaratibu mpya, kulikua na halmashauri 10 za majaribio za kupitisha benki na zingine zikawa zinatoa zenyewe kwa mfumo ulioboreshwa, na za kwetu Mwanza hazikua kwenye zile kumi. Mnaenda kama kikundi, mna katiba, mna akaunti, mna andiko la mradi, na mtu wa kuanza nae ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, mfuateni ofisini msiishie kusikia kwa watu. Sasa muelewe kitu kimoja, huu ni MKOPO. Mtoto asipokuja leo rejesho liko pale pale. Mkopo hauzibi pengo la mbalamwezi, unaliongeza. Kikundi chetu mara ya kwanza tulikula sehemu ya mkopo kwenye unga na mishahara, tukahangaika kurudisha mpaka tukachangishana mifukoni, nasema hivi nikiwa na uchungu kwa sababu kosa lilikua letu wenyewe. Mara ya pili tulijenga choo cha watoto, uzio na tukanunua magodoro, vitu vinavyokaa, na vitu hivyo hivyo ndo anavyokuja kuviangalia afisa ustawi wa jamii na bwana afya kabla hujasajiliwa. Chukua mkopo kwa ajili ya jengo, usichukue kwa ajili ya sufuria.

Ya pili TASAF. Hii haiji kwako, inaenda kwa kaya maskini, na ina masharti ya clinic kwa wadogo na mahudhurio ya shule kwa wakubwa, kuna na ajira za muda kwa wenye nguvu za kufanya kazi. Wewe unaiona kwa mbali tu, mama mlengwa akipokea ruzuku yake anakuja kupunguza deni. Malipo hayaji kila wiki kwahiyo usimpangie mama huyo ada ya siku, mwandikie deni ulilinganishe na siku zake za malipo, na usiende kumsubiri kwenye mlango wa malipo, hiyo hela ni ya nyumba yake na masharti yake ni ya kwake na serikali.

Ya tatu ni darasa la awali la shule ya serikali, mtoto wa miaka mitano, ada hamna toka elimu bila ada ilivyoanza 2016. Watu wanaogopa hii inawaua. Mi naona kinyume, awali wanatoka mchana na mama anarudi jioni, kwahiyo kuna masaa manne matano hapo katikati ya mtoto asiye na mtu. Nina watano wa hivyo, wanakuja na yunifomu zao saa sita, nawachaji nusu, na hawa mbalamwezi haiwagusi sana kwa sababu shule haifungwi kwa ajili ya mwezi.

Ya nne vituo vya kijamii, vinavyosukumwa na ile programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, watu wanaiita PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021. Kituo kinakua cha mtaa au kijiji, jengo la jamii, kamati ya wazazi, walezi wanapewa mafunzo. Uzuri wake hubebi kodi ya jengo. Ugumu wake posho ya mlezi inategemea michango ya wazazi wale wale wa dagaa, na kamati ikilegea mlezi anaondoka. Kwa mama mwenye moyo wa kujitolea na kijiji chenye mwenyekiti anayefuatilia, ni njia nzuri, kwa anayetegemea kazi hii kusomesha watoto wake bado ni ngumu.

Texas, kwa mdogo wangu

Kule kuna mfuko wa serikali kuu unaitwa Child Care and Development Fund, hela inashushwa kwenye majimbo na kila jimbo linapanga viwango vyake ndani ya sheria moja. Anayeomba ni mzazi, sio mwenye kituo. Awe anafanya kazi au anasoma, kipato chake kisizidi asilimia 85 ya kipato cha kati cha jimbo kwa familia ya ukubwa wake, na mtoto awe chini ya miaka 13. Akikubaliwa anakaa nayo angalau miezi 12 kabla ya kuhakikiwa tena. Alafu anachagua mwenyewe mtoto akae wapi, hela inamfuata mtoto. Ni kama vocha. Njia nyingine ni serikali kuingia mkataba na kituo moja kwa moja ikanunua nafasi kadhaa, ila vocha ndo imeenea zaidi.

Huyo mdogo wangu ili apokee mtoto wa vocha ilibidi achukuliwe alama za vidole, asome mafunzo ya usalama na huduma ya kwanza, akaguliwe nyumba, na Texas wana mpango wa nyota, Texas Rising Star, ambao vituo vyenye leseni vinavyopokea ruzuku lazima viwemo, na ukipanda nyota unalipwa kiwango cha juu zaidi. Hilo la nyota nililipenda sana. Huku kwetu mlezi aliyesoma na asiyesoma ada ni ile ile, mama anaangalia ukaribu na mwalo basi.

Na kuna kitu kilinishangaza zaidi, bibi. Kule bibi au shangazi wa mtoto anaweza kulipwa na mfuko huo kwa kumlea mjukuu, kiwango cha chini kidogo na masharti yake mepesi kidogo, lakini analipwa. Fikiria mabibi wa Igogo na Mabatini wanaolea wajukuu watatu wanne juu kwenye mawe kule, bila hata sabuni ya kufulia.

Sasa kwenye swali letu. Sheria yao ya 2014 inayataka majimbo yasimkate mlezi kila siku mtoto aliyokosa, na kanuni ya 2024 ikakaza zaidi, kwamba mlezi alipwe kwa idadi ya watoto walioandikishwa kwake badala ya mahudhurio, malipo yaje mapema kabla ya huduma, na mchango wa mzazi usizidi asilimia 7 ya kipato cha familia. Yaani kwa fikra ile hasara ya mtoto aliyelala nyumbani na homa anaibeba serikali. Ni jambo kubwa hilo, mzazi anayelipa taslimu analipia nafasi mwezi mzima, kwa nini serikali ilipie kwa siku? Lakini kanuni na siasa za kule zinabadilika, na utekelezaji unatofautiana jimbo kwa jimbo, kwahiyo usimsikilize mtu wa Minnesota ukadhani ndo Texas.

Na sio asali tupu. Familia nyingi zenye sifa hazipati, kuna foleni. Mzazi ana sehemu yake ya kuchangia na mdogo wangu ndo anayemdai, tukifika hapo kwenye simu tunacheka wote maana mdaiwa ni mdaiwa, Mwanza na Texas. Kiwango cha serikali mara nyingi kiko chini ya ada anayotoza wazazi wa taslimu. Na daftari! Saa ya kuingia na kutoka ya kila mtoto lazima ilingane na alichodai, ikikutwa alilipwa zaidi anarudisha, hata kama alikosea tu kuandika. Yeye usiku watoto wakiondoka anakaa nusu saa na rekodi kabla hajapika chakula chake.

Afrika Kusini, ambayo naona iko karibu na sisi zaidi

Hawa hawampi mzazi vocha. Serikali inampa kituo hela kwa kila mtoto kwa kila siku. Kwa miaka mingi ilikua randi 17 kwa mtoto kwa siku, hesabu ya siku 264 kwa mwaka, na toka bajeti ya 2025 ikapanda kuwa randi 24. Kituo kiwe kimesajiliwa na wazazi wawe wa kipato cha chini. Toka Aprili 2022 kazi hiyo ilitoka wizara ya ustawi ikaenda elimu ya msingi.

Kipimo cha matumizi waliyozoea ni 40 kwa 40 kwa 20, yaani sehemu kubwa mbili zinazolingana ni chakula na posho za walezi, na asilimia 20 uendeshaji. Nimeichukua hiyo nikaiweka kwenye kituo changu ambacho hakina ruzuku hata senti, na imenisaidia kuliko semina. Nilikuta chakula kinakula zaidi ya nusu, mlezi wangu nampunja. Jaribu na wewe wiki hii na hela uliyonayo.

Ubaya wa mtindo huu ni usajili. Wasiosajiliwa, ambao ndo wanalea watoto maskini zaidi kwenye vibanda vya mabati, wanakosa, na ili usajiliwe unahitaji jengo zuri, na ili ujenge unahitaji hela ambayo ungeipata ukisajiliwa. Mnaona mduara huo? Ndo ule ule wa choo na uzio niliosema juu, ila sisi angalau tuna mkopo usio na riba wa kuuvunja. Uzuri wa mtindo huu ni kwamba anayeomba ni kituo, sio mama, na kituo kinajua mwaka unaingiza kiasi gani, randi 24 mara siku 264 ni randi 6,336 kwa mtoto. Ile randi 17 kukaa miaka bila kupanda wakati unga unapanda, hapo ndo funzo kwa yeyote anayeota ruzuku.

Kwahiyo uchague ipi

Kama unaanza kesho na watoto hawafiki 10, ada ya siku, usikope. Kama watoto wako ni wa waajiriwa, mwezi, kwa maandishi. Kama uko mwaloni na wengi ni wa dagaa, fanya ada ya giza na mbalamwezi bure, bei uipange na wao. Mkopo wa kikundi uingie ukiwa tayari una watoto wa kudumu na unajua choo kitajengwa wapi na kwa shilingi ngapi, na mchanganye kwenye kikundi watu wa mapato tofauti, msiwe wote mnategemea dagaa, maana mbalamwezi ikiwakuta wote watano hakuna wa kumbeba mwenzake kwenye rejesho. Kama kuna kituo cha kijamii karibu chenye kamati hai, ungana nao kabla hujapanga chumba.

Na ukiniuliza kama siku moja serikali yetu ingeamua kulipia watoto wa dei kea ningependa ipi, ningesema ya Afrika Kusini ya kulipa kituo, kwa sababu mama wa Kayenze hana muda wa kupanda daladala mara tatu kwenda kupeleka fomu mjini, ila walipe kwa watoto walioandikishwa kama ilivyotaka ile kanuni ya Marekani ya 2024, sio kwa kuhesabu vichwa vya siku, la sivyo mbalamwezi ya kwanza tu vituo vya mwaloni vinafungwa. Na mabibi wawekwe.

Usajili wa kituo usiungoje hiyo siku. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo kisajiliwe, ombi linaanzia kwa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, na kule nilikolinganisha, hela ya serikali ya kulipia watoto haimfuati mwenye kituo asiye na cheti na rejista. Nunua daftari la kaunta leo, andika jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama na simu, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kila siku hata siku aliyokosa andika kakosa na kwa nini. La kwangu la miaka saba ndo nililolipeleka kwenye kikao cha kata tulipoomba mkopo mara ya pili, wakafungua kurasa wakaona "mbalamwezi, mbalamwezi, mbalamwezi" kila mwezi, wakauliza hiki nini, nikawaeleza, na rejesho letu likapangwa liangukie kwenye giza.